Kilima cha Mwikali

Siku hizo, kilima kipya cha volkano kilipozaliwa katika safu ya Chyulu, familia moja ilikabidhiwa kilima hicho mara tu majivu yalipopoa. Ilikipa jina, ikajenga juu yake, na haikuruhusiwa kuhama tena. Mumbua alipata kile kichanga kuliko vyote, akakiita Mwikali, jina la marehemu mama yake.

Wageni walipokuja aliwatembeza juu ya mawe meusi ya lava, akawaonyesha ufa ulioota jani la kwanza. "Vilima vya wenzetu vilikuwepo kabla ya babu zao," aliwaambia, kifua mbele. "Hiki sisi tumekiona kikizaliwa. Hakuna aliyetutangulia hapa."

Alfajiri moja mumewe, Kyalo, aliingia jikoni pekupeku akamkuta anakanda unga wa mikate.

"Mama Kasyoka, sakafu ina joto."

"Ni jua la jana."

"Jana kulikuwa na mawingu kutwa."

Mumbua akavua kandambili, akakanyaga saruji. Kweli, ilikuwa na joto kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Kisha akaufunika ule unga kwa kitambaa na kuuweka chini, uumuke upesi.

"Tuondoke, hata kama ni kosa," Kyalo alisema.

"Niende wapi nimwache mama?"

Alijibu akitabasamu. Mchana akawaalika majirani, nao wakaisifu mikate ilivyoumuka, naye akafurahi kwelikweli. Ila muda wote huo alimpakata bintiye Kasyoka mapajani, wala hakumruhusu aweke miguu chini.