Vifundo vya Bwire

"Fundo la kwanza ni kina cha sato, wakati wa masika. La pili sangara, kipupwe. La tatu kambare, kiangazi," Bwire alisema, akimnyoshea Magoti kamba yake ya kupimia maji.

Magoti alisita. Katika ziwa lile mvuvi hampi mtu vifundo vyake. Hata mwanawe huvirithi baada ya matanga. Siku nane sasa mtumbwi wa Magoti ulikuwa ukirudi mtupu, na leo hasimu wake wa miaka ishirini amekuwa mkarimu?

"Umevifunga upya nikavue matope."

"Vishike mwenyewe. Ukivikataa, nitawapa kunguru."

Magoti aliipokea. Vifundo vilikuwa vikavu kama mfupa, vya zamani kweli. Lakini Bwire alikuwa akizungumza na bega la Magoti. Hakumtazama usoni hata mara moja. Mwongo huyu, Magoti aliwaza.

"Na wewe utavua na nini?"

Bwire aligeuka, akaondoka akipapasa mitumbwi iliyopangwa ufukoni, mmoja baada ya mwingine. Akaupita wake. Akasimama, akarudi, akaupapasa tena taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake ubaoni gizani.

Kidole cha Magoti kilikuwa juu ya fundo la kwanza.