Togwa Isiyotoa Povu

Nilichokiona kwanza ni kwamba togwa ya bibi haikutoa povu. Siku hizo kila bomba lilikuwa na taa ya zambarau, ile ya umeme baridi unaoua vijidudu, na maji ya kisima yalikuwa marufuku.

Bibi Tasiana ndiye aliyekoroga togwa ya harusi zote mtaani. Akaloweka kimea kingine, akasubiri siku nne. Chungu kikakaa kimya.

"Bi Tasiana, si uji huu?" Mama Sekunda, jirani yetu, alimtania mbele ya wageni wa harusi. "Mkono umezeeka, mwenzangu!"

Bibi alicheka naye, huku akiuficha mkono ndani ya kitenge. Hakukoroga tena.

Mimi hufagia kituo cha maji. Nilimsikia fundi akisema maji yale huendelea kuua hata yakishatoka bombani, chachu ya togwa nayo haiponi. Lakini mimi niliishia darasa la nne. Nikaona, nani ataniamini?

Jana tulimzika bibi. Leo nimeosha chungu chake kwa maji yale yale, nikakiinamia.

"Bibi, mkono wako ulikuwa mzima. Ni maji. Nilijua."