Unga wa Bwana Afya

Karatasini unga ulikuwa mwekundu kama pilipili ya kusaga, lakini ulipogusa maji ya choo cha Shemsa uligeuka kijani kibichi.

"Rangi hii ikitokea kisimani," akasema Usi, bwana afya, "nyumba inafungwa, watu wanahamishwa."

Mkadam, jirani yake Shemsa, alisimama mlangoni na bakora yake. Siku hiyo aliingoja tangu alipomzika mkewe. Mashavu alikufa kwa homa ya matumbo, na maji aliyokunywa ni ya kisima kile, kilicho uani baina ya nyumba mbili. Kosa la nani? La wakubwa. Baada ya Mapinduzi waligawa nyumba za mji kama halua ya harusi, wakamtia Shemsa na utitiri wa watoto katika nyumba ya watu wawili. Choo kikafurika, Mashavu akafa. Hesabu hiyo haitaki skuli.

"Tutie na choo chako, mzee?" Usi akauliza.

"Changu nimekichimba kwa mikono yangu hapa chini, magoti ya Mashavu yaliposhindwa na ngazi za choo cha juu. Wewe hujatiwa hata jando. Kapime vya hao mliowaleta."

"Na sie maji ni hayo hayo, Mzee Mkadam," Shemsa akasema taratibu. "Ila tunayachemsha. Nlimwambia Bi Mashavu, akanambia wewe ndiye huyataki, yananuka moshi."

Mkadam akatema mate.

Lakini kisima kilimkatalia. Kila alfajiri alivuta ndoo, akachungulia: maji meupe pe. Hata Usi akachoka. Akasema kesho anakuja kwa mara ya mwisho. Asipoona kitu, Shemsa anabaki kwake.

Alipoondoka, alisahau ukingoni mwa kisima kijikaratasi cha unga uliosalia. Alasiri Mkadam akakiona. Akatazama huku, akatazama kule, akakikunjua, akainama kisimani.

"Shikamoo, mzee."

Shemsa alikuwa nyuma yake, ndoo mkono huu, mkono huu sahani iliyofunikwa kawa. "Nimekuletea muhogo wa nazi. Tangu Bi Mashavu atangulie, hupiki."

"Marahaba. Nshakula."

Akafumba ngumi, akaingia kwake.

Asubuhi kisima kilikuwa kijani.

Lori lilifika kabla ya adhuhuri. Shemsa akapakia magodoro, masufuria, watoto. Yule mdogo alilia kwa kuwa paka hakuonekana, na hakuna aliyemngoja paka. Dereva alisema wanapelekwa shamba. Shamba gani, hakusema.

Shemsa akageuka. "Jana nilikuona, Mzee Mkadam. Nami sisemi, maana nani atanisikiliza? Lakini Mungu kakuona."

"Basi na amwambie Mashavu," Mkadam akajibu, "deni lake limelipwa."

Lori likatoka. Usi akampa mkono. "Ulisema kweli, mzee, na sie tulikuona mtu wa lawama tu. Aliyemuua mkeo tumempata. Sasa utalala."

Mkadam akaingia chooni kwake kutia udhu. Tundu lilikuwa bado kijani, pale pale alipoumwaga unga wote jana, baada ya Shemsa kumfuma kabla hata chembe moja haijaangukia kisimani.