Kishikwambi cha Msomi

"Usikizime!"

Fundi aliondoa kidole kwenye kitufe kama aliyegusa pasi ya moto. Alishazoea wateja wenye mapenzi na vifaa vyao, lakini binti huyu alikuwa amesimama kabisa, mkono umetangulia juu ya meza.

"Nakizima tu, dada. Sikivunji."

"Kiache kiwake."

Baba yake alicheka kidogo kuondoa aibu. "Msamehe, fundi. Hicho kishikwambi kwetu ni mgonjwa wa dripu. Chaja haitoki. Anakwenda nacho mpaka jikoni, waya unaburuzika nyuma."

Hakutia chumvi. Kioo kilikuwa na ufa, betri ilishachoka, na kikichomolewa kwenye umeme hakikumaliza hata robo saa, na siku nyingine kilizimika papo hapo. Jumatatu binti alikuwa anaanza masomo ya uzamili ya takwimu, na baba alikuwa ameapa kwamba mwanawe hataingia darasani na kitu kinachopumua kwa msaada wa ukuta. Binti alipinga wiki nzima. Hiki kinatosha, baba. Kinafunguka, kinasomeka, kipya cha nini? Mwisho baba akachoka na ubishi, akawapakia kwenye gari, yeye na mama yake, wakaja dukani.

"Kuna picha za mwenzake humo," baba alimwambia fundi kwa sauti ya chini, ingawa duka lilikuwa dogo na kila mtu alisikia. "Walikuwa pacha, sura moja. Huyu ndiye Msomi. Yule tulimwita Chiriku, kwa jinsi alivyopenda maneno. Saluni alikofanya kazi watu walikuwa wanakuja kusukwa hata nywele zikiwa bado nzuri, wamsikilize tu." Akamtupia binti jicho. "Gari lilipinduka nao. Huu ni mwezi wa tano sasa."

"Poleni sana, mzee."

"Tulimzika yule wakati huyu bado hajitambui. Siku alipofumbua macho nilikuwa nimemshika mkono. Nikamwita, Msomi, Msomi wangu, akanitazama. Nililia mbele ya wauguzi, mimi mtu mzima. Nikasema, Mungu, bora umeniachia huyu."

Binti aliinamisha kichwa. Alishaisikia habari hiyo mara nyingi, wageni wote waliokuja kutoa pole walisimuliwa, na kila mara ilimchoma palepale, kwenye hilo neno bora. Baba hakuwa na ubaya. Alimpenda kila mmoja kwa namna yake. Lakini lilimuuma, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu pekee ambaye angemwambia alikuwa kaburini.

Tangu ajali nyumba yao ilikuwa kimya. Hakuna aliyeimba bafuni, hakuna aliyemtania baba kuhusu kitambi chake. Binti alishinda na vitabu, akisoma ukurasa mmoja asubuhi nzima bila kuugeuza, na baba alimfariji kwamba kichwa kikitikisika hukawia kutulia, daktari mwenyewe amesema. Mama hakuwa na mengi ya kusema. Alimwita mwanangu, akamwekea chai mezani, akafunga mlango taratibu.

"Kwa hiyo picha zote zitahamia kwenye kipya?" baba aliuliza.

"Kila kitu, mzee. Na masomo yake pia. Nifungulie, dada."

Binti alikiinua kishikwambi usoni. Kikamtambua, kikafunguka kama kila siku, naye akashusha pumzi. Labda lingepita salama. Fundi akanyoosha mkono kuchukua waya wake, kiwiko kikaigusa chaja, ikachomoka. Kioo kikawa cheusi.

"Samahani, hakina neno," fundi alisema, akairudisha. Kishikwambi kikawaka upya. Binti akakiinua tena usoni, lakini safari hii hakikutaka uso. "Kikizimika ndivyo kinavyofanya," fundi alimweleza. " Weka namba ya siri."

Akaweka tarehe yao ya kuzaliwa. Ikakataa.

"Jamani, Msomi!" baba alitania. "Wewe mwenye namba za simu za ukoo mzima kichwani?"

Akaweka nyingine. Ikakataa.

"Nimesahau, baba. Tangu ajali kuna vitu nasahau."

"Taratibu, kitajifunga," fundi alisema. "Kama namba haipo, imebaki njia moja, kukifuta. Kitakuwa kama kimetoka dukani. Ila masomo, picha, kila kitu kinakwenda na hakirudi."

"Hapana!" Utani ulikuwa umemtoka baba usoni. "Picha za mwanangu zimo humo. Jaribu tena, mama. Tulia ukumbuke. Namba ni yako mwenyewe, umeiweka mwenyewe, itakupoteaje?"

Binti alikiinamia kishikwambi. Machozi yalidondokea kwenye kioo, akayafuta kwa mkono wa gauni, yakadondoka mengine.

Mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi tangu walipoingia, aliinuka.

"Baba Pacha," alisema, maana bado alimwita hivyo, "nenda pale mbele ukamchagulie jalada. Unazidi kumchanganya."

Baba akaenda, akijifuta uso kwa kiganja.

Mama alivuta kiti, akaketi karibu na binti, akaufunika mkono wa mwanawe kwa wake.

"Kifute, fundi."

"Mama, hapana! Picha zake! Nipeni siku mbili tu, nitakumbuka."

"Hutakumbuka." Mama alisema polepole, ili sauti isifike mbele ya duka. "Aliyekuwa anaijua hiyo namba nilimwosha mimi mwenyewe kabla hatujamzika, Chiriku."