Waya Uliokatika

Fundi wa studio, binti aitwaye Nyamizi, aliweka kanda ili aihamishie kwenye kompyuta, na Gwakisa akarudi ujanani. Hiyo ndiyo albamu pekee ya bendi yake na wenzake ya metali nyeusi, ule muziki wa roki wa makelele, waliyoirekodi kwenye banda la kuku: gita likikereza kama msumeno, naye akibweka kama mbwa mwenye kichaa. Akapapasa kipara chake, akacheka.

Kanda tupu hawakuwa nayo. Aliiba ya mama yake, ya kwaya, akaziba vitundu vyake vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa upya. Mama, ambaye sasa ni marehemu, hakumsemesha mwezi mzima.

Katikati ya wimbo wa mwisho gita lilinyamaza. Waya wake ulikatika siku ile ya kurekodi, na hawakuwa na mwingine, wakaacha kurekodi hapo hapo. Kanda ikakwaruza kidogo, kisha sauti ya mwanamke ikapanda, ikiongoza kwaya.

“Huku mwisho kuna uchafu, mzee,” Nyamizi alisema, kidole kikiwa juu ya kitufe. “Niufute?”

Gwakisa alimdaka mkono. Kanda ilikuwa inakaribia kwisha, na kwenye spika mama yake alikuwa anavuta pumzi aanze ubeti wa pili.