Beseni la Kunawia

Bwana samaki, afisa wa mabwawa wa wilaya, alimkuta Restituta uani, wakati watu waliotoka kumzika mumewe wakinawa mikono katika beseni moja, kama ilivyo desturi.

"Shikamoo mama, pole. Majibu ya maabara yamerudi," alinong'ona. "Bwawa lenu la perege lina vimelea vya kipindupindu, tena vile vyenye vinasaba vya sumu, vinavyoua. Msiyaguse maji yale."

Bwawa hilo walilichimba kahawa ilipoanguka bei. Humo ndimo Restituta alimoteka maji ya beseni asubuhi ile, maana kisimani ni mbali.

Akafungua kinywa awakataze watu.

Mama mkwe, mikono ingali inachuruzika maji ya beseni, akamtia tonge la ugali kinywani.

"Kula, mwanangu. Tangu juzi hujaonja kitu."