Kiti cha Ngozi

Kigari cha shamba kilikuwa tayari, ila kiti. Lugendo aliunda kigari hicho kwa injini ya pikipiki na matairi chakavu, na hakutaka kununua kitu kingine tena. Akamchinja punda wake, akawamba ngozi kwenye kiti.

"Baba Kulwa, si punda huyo ndiye aliyekuvutia hiyo injini toka gereji?" mkewe, Nyamizi, alimuuliza.

"Ndiye. Sasa apumzike, nimkalie."

Mvua ya kwanza iliponyesha, kigari kilizama topeni na shehena ya mbolea. Lugendo alikanyaga mafuta mpaka tope likamrukia usoni Nyamizi, aliyekuwa akisukuma nyuma. Kisha akachomoa kamba ya punda chini ya kiti, akamtupia.

"Jifunge. Vuta!"

Nyamizi aliiokota. Manyoya ya kijivu yalikuwa bado yamenasa kwenye fundo la kitanzi cha shingoni. Akalilegeza taratibu, huku akiitazama shingo ya mumewe.